Kujikuna Si Dawa

Katika nchi yetu kuna maradhi ambayo mtu akiyapata majirani humjia kumpa pole, na kuna mengine ambayo mtu akiyapata majirani humcheka. Mtu akikohoa huulizwa ameanza lini. Mtu akivunjika mguu wenzake kazini humshikia zamu. Lakini mtu ajikunaye mbele ya watu, kila siku, mwezi baada ya mwezi, haulizwi neno. Watu husogea pembeni. Wengine husema haogi. Wengine husema amerogwa. Na wengine, ambao ndio wabaya zaidi, hunong'ona kwamba amejiletea ugonjwa kutoka nje ya nyumba yake.

Leo twataka kusema juu ya mwasho huo, na hasa juu ya mwasho wa mtu mwenye kisukari. Twasema na wakulima wa vihamba vya Marangu, Kibosho, Machame na Rombo. Twasema na wafanyakazi wa viwanda vya Moshi na wa mashamba ya miwa ya Arusha Chini. Na twasema na wake na waume zao. Jambo hili liko miongoni mwao kuliko wanavyodhani, na sehemu kubwa ya tiba yake si ya gharama kubwa, bali yaweza kuanzwa nyumbani jioni ya leo.

Lakini kwanza neno moja lieleweke. Mwasho wa mwenye kisukari si ugonjwa mmoja. Ni dalili moja yenye asili nyingi, na kila asili ina tiba yake. Mtu anayetibu dalili bila kuuliza asili ni sawa na mtu anayefuta maji sakafuni kila asubuhi na huku bati linavuja.

SUKARI IMEPANDA MLIMA

Wako wanaoamini kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Zamani imani hiyo ilikuwa na ukweli kiasi. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Dar es Salaam walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Wenye kisukari miongoni mwa watu wazima wa vijiji hivyo hawakufika hata mtu 1 katika kila 100. Mwaka 2000 ukatangazwa uchunguzi mwingine uliolinganisha kijiji cha Shari, wilayani Hai, na Ilala ya Dar es Salaam. Kule Shari wenye kisukari walikuwa 1.7 katika kila wanaume 100, na 1.1 katika kila wanawake 100. Ilala walikuwa 5.9 kwa wanaume na 5.7 kwa wanawake. Kisha mwaka 2012 uchunguzi wa nchi nzima, wa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kwamba wenye kisukari wapata 9 katika kila 100.

Hesabu hizi hazikufanywa kwa njia moja wala mahali pamoja, basi haifai kuzipima kama kilo za duka moja. Lakini mwelekeo wake haufichiki. Sukari imetoka mjini na kupanda mlima. Mtu ambaye baba yake alipanda kwa miguu kutoka soko la Moshi hadi Kibosho, leo hupanda kwa pikipiki. Soda imeingia kila duka la kijijini. Na mbege, ambayo ina heshima yake katika shughuli za ukoo, ina kileo na ina sukari pia, hata kama mnywaji haioni. Wengi wa wenye ugonjwa huu hawajijui. Na miongoni mwa wasiojijua, wako ambao ngozi zao zilikwisha kuwapa habari siku nyingi, nao wakazijibu kwa kucha.

ASILI TANO ZA MWASHO

Madaktari huuita mwasho sugu pale unapodumu majuma 6 au zaidi. Kwa mtu mwenye kisukari, asili zake kubwa ni hizi.

Ya kwanza ni ukavu wa ngozi. Sukari ikizidi katika damu, karibu na kupita milimoli 10 katika lita, mafigo hushindwa kuizuia, nayo humwagika katika mkojo. Haitoki peke yake, huvuta maji. Ndiyo sababu mgonjwa hukojoa mara kwa mara na kushikwa na kiu, na mwili wake hukauka. Tena kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu inayoamrisha jasho, hata miguu ikaacha kutoa jasho kabisa. Ngozi ya miundi na nyayo hupauka, hutoa magamba, hupasuka na kuwasha. Huku mlimani baridi ya mwezi wa Juni na Julai huzidisha jambo hilo, kwa kuwa watu huoga maji ya moto sana na kukaa karibu na meko. Na vyote viwili hukausha ngozi. Kule tambarare, vumbi na jua hufanya kazi hiyo hiyo.

Ya pili ni fangasi. Viumbe hawa hupenda joto, unyevu na sukari, na mwili wenye kisukari kisichodhibitiwa huwapa vyote vitatu. Hukaa katikati ya vidole vya miguu, hasa vya mfanyakazi ashindaye ndani ya mabuti ya mpira. Hukaa kwenye mapaja, chini ya matiti, na katika sehemu za siri za wanawake na wanaume. Mwanamke apatwaye na mwasho wa namna hiyo, akatibiwa akapona, kisha ukarudi tena na tena, hana budi kupimwa sukari. Vivyo hivyo mwanamume ambaye ngozi ya mbele ya uume wake imekuwa nyekundu na yenye nyufa. Kadhalika ijulikane kwamba vidonge vipya vya kisukari vinavyotoa sukari kwa njia ya mkojo, kama vile dapagliflozini na empagliflozini, ni dawa nzuri, lakini vyaweza kuongeza fangasi wa sehemu za siri. Atumiaye vidonge hivyo akiona mwasho amweleze tabibu, asiviache kwa siri.

Ya tatu ni mishipa ya fahamu yenyewe. Mishipa midogo ikishaharibiwa na sukari hupeleka habari za uongo katika ubongo. Mgonjwa huhisi kama sisimizi wanatembea miguuni, au moto, au mwasho wa mgongoni, na ukimtazama ngozi haina upele wala doa. Mtu wa namna hii ndiye anayesingiziwa kurogwa kuliko wote, kwa kuwa ugonjwa wake hauonekani.

Ya nne ni mafigo. Figo likishindwa kazi kwa muda mrefu, uchafu hubaki katika damu, na mwili huwasha mgongoni, mikononi au kote, hasa usiku. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015, uliofanywa katika wilaya za Moshi Mjini na Moshi Vijijini, ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa watu wapatao 7 katika kila 100. Na mjini peke yake walifika 15 katika kila 100. Wengi wa waliokutwa nao hawakuwa wakijua. Basi mwenye kisukari anayewashwa mwili mzima bila upele, akaona na miguu yake inavimba, asiulize krimu. Aombe kupimwa mafigo.

Ya tano ni ile isiyotokana na sukari hata kidogo. Kuwa na kisukari hakumkingi mtu na upele wa kawaida unaoletwa na vidudu, wala na mzio wa dawa, wala na ugonjwa wa ini. Ukiona mwasho unazidi usiku, uko katikati ya vidole vya mikono na kwenye vifundo vya mikono, na watu wawili watatu wa nyumba moja wanajikuna, hapo fikiri upele kwanza, usije ukaisingizia sukari bure.

AIBU ISIYO NA MSINGI

Tumetaja sehemu za siri bila kuzungukazunguka, nasi tuna sababu. Katika magazeti ya heshima mambo haya hayapendezi kutajwa. Lakini kunyamaza kumekwisha kuleta madhara makubwa kuliko kutaja. Mwanamke huwashwa, huona aibu kumwambia mumewe. Mumewe akigundua, hudhani ni ugonjwa wa zinaa. Maneno huanza chumbani, huhamia kwa wazazi wa pande zote mbili, na mwisho ndoa ya miaka ishirini huvunjika kwa sababu ya fangasi ambao wangeweza kuondolewa kwa dawa ya majuma mawili na kipimo cha tone moja la damu. Mwanamume naye hufanya hivyo hivyo kwa upande wake: huficha, hununua dawa za zinaa bila kupimwa, huzimeza, haponi, na sukari yake inaendelea kupanda.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Twaongeza kwamba katika jambo hili mficha maradhi huweza kuivunja nyumba yake kabla kifo hakijafika. Fangasi hawa si ushahidi wa uzinzi. Aliye na shaka ya ugonjwa wa zinaa na apimwe, na mwenziwe apimwe. Lakini wote wawili wapimwe na sukari, ndipo wazungumze.

TIBA NA MPANGO WAKE

Tiba ya kwanza ni kuishusha sukari yenyewe. Hakuna krimu iwezayo kushinda damu iliyojaa sukari. Mtu ambaye sukari yake ya asubuhi kabla ya kula inafika milimoli 7 au zaidi, na kipimo kikarudiwa kikathibitisha, ana kisukari. Naye ahitaji mpango wa chakula, wa kazi za mwili, na wa dawa: metformini, vidonge vingine, au insulini. Anayetumia dawa azitumie kila siku kama alivyoelekezwa, na ajue dalili za sukari kushuka mno, yaani jasho, kutetemeka na njaa ya ghafula. Sukari ikitulia, kiu hupungua, ngozi hurudisha maji yake, na fangasi hukosa chakula. Wagonjwa wengi huona mwasho ukipungua hata kabla ya dawa ya ngozi kuisha.

Tiba ya pili ni kuitunza ngozi. Oga kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, na usikae majini muda mrefu. Sabuni ya mche ya kufulia si ya mwili wenye kisukari. Tumia sabuni laini, nayo kwenye kwapa, mapaja na nyayo tu. Acha dodoki lenye kukwaruza. Jifute kwa kugusagusa kitambaa, si kwa kusugua, na kabla dakika tatu hazijapita jipake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, mwili ukiwa bado na unyevu kidogo, ili mafuta yafunge maji ndani. Fanya hivyo mara mbili kwa siku. Lakini katikati ya vidole vya miguu usipake mafuta. Hapo pakaushwe vizuri, maana unyevu ni nyumba ya fangasi. Kata kucha ziwe fupi. Vaa nguo za pamba. Mwasho ukikushika usiku, weka kitambaa kilicholowa maji baridi badala ya kujikuna.

Tiba ya tatu hufuata asili. Fangasi wa ngozi hutibiwa kwa krimu kama klotrimazoli, au kwa marhamu ya Whitfield ambayo zahanati zetu zimeijua miaka mingi. Nayo itumiwe mpaka mwisho wa muda uliowekwa, kwa kawaida majuma 2 hadi 4, hata kama mwasho umekwisha siku ya tano. Vidonge vya flukonazoli vitumiwe kwa amri ya tabibu, kwa kuwa vyaweza kuongeza nguvu ya baadhi ya vidonge vya kisukari, kama vile glibenklamidi, na kuishusha sukari kwa hatari. Upele hutibiwa kwa dawa ya maji ya benzili benzoati, ikipakwa mwili wote kuanzia shingoni hadi nyayo, na watu wote wa nyumba wapakwe siku moja, na nguo na matandiko yafuliwe siku hiyo hiyo. Mwasho wa mishipa ya fahamu hautibiki kwa krimu za fangasi. Daktari aweza kutoa gabapentini au amitriptilini. Mwasho wa mafigo wahitaji kutunza mafigo yenyewe, na dawa zake hupimwa kwa uangalifu, kwa kuwa figo bovu haliwezi kuondoa dawa upesi.

Kuna vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi ambavyo watu wengi hununua. Humsaidia mgonjwa kulala, lakini kwa mwasho wa kisukari havigusi asili yake. Na dereva, mwendesha pikipiki, au mfanyakazi asimamaye mbele ya mashine asivinywe kabla ya kazi, asije akaokoa ngozi akapoteza mkono.

DAWA ZINAZODANGANYA

Sasa twafika kwenye jambo linalotusumbua zaidi ya yote. Katika maduka mengi mtu akisema anawashwa hupewa kijibomba cha krimu yenye steroidi kali, wala haulizwi swali hata moja. Siku ya kwanza mwasho hutulia, naye humsifu muuzaji. Lakini kama asili ilikuwa fangasi, steroidi imenyamazisha kengele tu na kuacha moto uwake. Fangasi hutambaa chini kwa chini, hupoteza umbo lake la kawaida, hata tabibu akimtazama mgonjwa mwezi ujao hapati kuwatambua kwa urahisi. Ngozi nayo hukonda kama karatasi, na ngozi ya mwenye kisukari ikishakonda hupasuka kwa kuguswa kidogo.

Mbaya zaidi ni vidonge vya prednisoloni na sindano za jamii hiyo. Hizi ni dawa zenye heshima katika mikono ya daktari, na ziko siku huokoa maisha. Lakini hupandisha sukari ya damu. Mtu mwenye kisukari anayezimeza kwa ajili ya mwasho, kwa ushauri wa jirani, anazidisha kile kile kinachomwasha. Hatusemi kwamba steroidi zote ni adui; iko pumu ya ngozi na maradhi mengine ambayo hutibiwa kwa krimu hizo, kwa kiasi na kwa muda. Twasema kwamba steroidi bila kuchunguzwa ni kisu mikononi mwa mtoto. Na vipodozi vya kuchubua ngozi vyenye steroidi, zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, wala haviwi dawa kwa kuitwa mafuta.

Wako pia wanaojisugua kwa magadi, kwa mafuta ya taa, au kwa maji ya chumvi ya moto. Maji ya moto ndiyo yanayotisha, kwa kuwa mguu wenye kisukari mara nyingi hausikii joto. Mtu hutumbukiza mguu katika karai akidhani maji ni ya vuguvugu, huinuka na malengelenge, na lengelenge huwa kidonda. Dar es Salaam Daktari Zulfiqarali Abbas amefanya kazi miaka mingi juu ya miguu ya wenye kisukari, na funzo la kazi hiyo ni dogo kwa maneno, kubwa kwa maana: mguu mwingi unaokatwa ulianza na kidonda kidogo ambacho kingeweza kuzuiwa. Mkwaruzo wa ukucha ni kidonda kidogo. Pima maji kwa kiwiko, tazama nyayo zako kila jioni, usitembee peku hata ndani ya kihamba chako.

Tena tukumbuke mwaka 2011. Mwaka ule maelfu ya watu kutoka pande zote za nchi, na hata kutoka nje, walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, kwa tumaini la kuponywa kisukari na maradhi mengine makubwa. Hatuwacheki walioenda. Mtu aliyechoka na ugonjwa hutafuta mlango wowote ulio wazi. Lakini wako walioacha dawa zao baada ya kikombe, na maradhi hayakuwaacha wao. Kabla insulini haijatumiwa kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa, mjini Toronto, Januari 1922, mtoto aliyepatwa na kisukari kikali hakuwa na tumaini la kuishi. Ulimwengu ulitoka katika giza hilo kwa kupima, kurudia na kuthibitisha. Asiye na chombo cha kupima hawezi kujua kama amepona au ametulizwa tu. Basi anayetaka kujaribu mti shamba na apime sukari kabla na baada, na vidonge vyake asiviache.

MSAADA UKO KARIBU

Watu wa Moshi wana bahati ambayo nchi nyingi hazina. Katika Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, kulianzishwa mwaka 1992 Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kwa nchi za eneo hili la Afrika, kwa ushirikiano wa Serikali yetu na madaktari wa ngozi wa kimataifa. Wazo la waanzilishi lilikuwa la busara. Madaktari bingwa wa ngozi walikuwa wachache mno, na wagonjwa ni wengi na wako vijijini. Basi wakaamua kuwachukua maafisa tabibu na watumishi wengine wa afya wenye uzoefu, wakawafundisha miaka miwili, wakawarudisha makwao. Wanafunzi wamekuja hapo kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Kazi ya mahali hapo ndiyo iliyozaa pia mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Zaidi ya hapo iko Hospitali ya Mawenzi mjini, na ziko hospitali za Kibosho, Machame, Marangu, Kilema na Huruma kule Rombo. Si lazima mgonjwa aanzie juu. Aanzie zahanati ya kijiji chake, apimwe sukari kwa tone la damu ya kidole, apimwe mkojo, atazamwe ngozi mahali penye mwanga. Wengi watatibiwa hapo hapo. Wale wenye mwasho wa mwili mzima, au usiosikia dawa, au wenye vidonda, ndio wapelekwe mbele.

WAJIBU WETU

Mwanga mkubwa unaowaka Moshi mjini haumsaidii mama wa Rombo kama zahanati yake haina vijiti vya kupimia sukari. Kwa hiyo tunayo madai, nayo tunayatoa kwa uwazi.

Kwa wakuu wa afya wa wilaya: iwe kanuni kwamba kila mtu mzima anayekuja zahanati kwa mwasho uliodumu, au kwa fangasi wanaorudi, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Mashine bila vijiti ni pambo la mezani. Vijiti viagizwe kabla havijakwisha.

Kwa wenye maduka ya dawa: ulizeni maswali mawili kabla ya kuuza krimu. Umewashwa kwa muda gani? Umewahi kupimwa sukari? Shilingi mtakazokosa siku moja mtazirudishiwa na imani ya wateja.

Kwa waajiri wa viwandani na mashambani: mpeni mfanyakazi ruhusa ya kwenda kliniki yake ya kila mwezi bila kumkata mshahara kwa hila, mpeni nafasi ya kukausha mabuti yake, na maji safi ya kunywa na ya kuoga. Mfanyakazi mwenye kisukari anayetunzwa hufanya kazi miaka mingi; aliyekatwa mguu hamtampata tena.

Kwa viongozi wa matawi, wa vyama vya wafanyakazi na wa vyama vya ushirika: mikutano yenu ina watu wengi kuliko kliniki yoyote. Mwalikeni mhudumu wa afya na mashine yake, mara mbili kwa mwaka, wanachama wapimwe kabla ya agenda ya kwanza.

Na kwa jirani, ndugu na mwenzi wa ndoa, ombi letu ni dogo: acheni kucheka. Mkimwona mtu anajikuna kila siku, mwulizeni kwa upole ameanza lini, kama mnavyomwuliza mwenye kikohozi.

Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Ni neno la hekima katika mambo ya uwezo na matumizi. Lakini mwasho tuliousema leo asili yake iko katika damu, katika mishipa na katika mafigo, na hapo ukucha haufiki. Basi, ndugu msomaji, kama wewe au mtu wa nyumbani kwako amewashwa kwa majuma sita, usingoje la saba. Nendeni zahanati Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, sukari ipimwe.